Sauti Ikikauka Mwezi Mzima

Haya ni kwa yeyote anayesikiliza, awe Masara sokoni, Migori mjini, Muhuru Bay akisubiri omena, au upande wa Homa Bay. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu sauti iliyokauka ikakataa kurudi. Sizungumzii ile ya siku tatu nne baada ya mafua, ambayo hupona yenyewe. Nazungumzia ile iliyofikisha mwezi, miezi miwili, mwaka. Majirani wameshaizoea, lakini ukimpigia simu ndugu yako aliyeko Nairobi anauliza ni nani anayetumia simu yako.

Huku kwetu watu wengi hula kwa sauti. Makanga wa steji ya Migori huita abiria tangu alfajiri. Mhubiri wa kesha huanza usiku akamaliza jogoo wakiwika. Penye matanga kuna waimbaji, kuna mwenye kuchangisha fedha aliyeshika maikrofoni, na kuna akina mama wanaolia kwa sauti kuu tangu gari la mwili linapokunja kona kuingia bomani. Halafu kuna machimbo. Dhahabu imechimbwa katika ukanda huu tangu miaka ya 1930, na hadi leo wachimbaji wadogo wa Masara wanateremka mashimoni huku mashine za kusaga mawe zikinguruma juu kutwa nzima. Ukisimama karibu na mashine hizo, huwezi kumwambia mwenzako neno ila kwa kupiga kelele, na pumzi unayovuta ili upige kelele hiyo imejaa vumbi la mawe. Daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, aliandika mwaka 1911 kwamba mtu akiwa penye kelele hupandisha sauti bila kujijua. Ndiyo maana kijana wa machimbo anafika nyumbani jioni, anaongea na mkewe mezani kwa sauti ya mgodini, na akiambiwa apunguze anashangaa.

Lakini ninayemfikiria zaidi ni mwalimu. Tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, madarasa mengi yamejaa pomoni. Chukua darasa la watoto sitini, paa la mabati, dari hakuna. Saa nane mchana mvua ya ziwani inaanza kumwagika. Mwalimu yuko katikati ya somo la sehemu na desimali, mtihani uko karibu, na pale mbele ana machaguo mawili: anyamaze mpaka mvua ikatike, au apaze sauti ishinde mabati. Walimu wetu wengi hupaza sauti. Kesho yake hupaza tena, kwa sababu mvua ya msimu haina likizo.

Sasa naomba ufanye jambo moja hapo ulipo. Weka vidole viwili kwenye koo, penye kikoromeo, kisha useme "mmm". Mtetemo huo unaousikia unatoka kwenye nyuzi mbili za sauti. Ni mikunjo miwili midogo ya nyama laini. Ya mwanamke haifiki sentimita mbili kwa urefu, ya mwanamume inazidi kidogo. Ukivuta pumzi zinaachana ili hewa ipite. Ukisema zinakutana, hewa ya mapafu inazisukuma, zinatetemeka: kwa mwanamke takriban mara 200 kila sekunde, kwa mwanamume mara 100 na ushei. Piga hesabu. Mwalimu wa kike akisema kwa saa mbili kamili katika siku nzima, vituo vyote ukiviondoa, nyuzi zake zimegongana zaidi ya mara milioni moja kabla kengele ya jioni haijalia.

Bana kidogo ngozi ya nyuma ya kiganja chako uisogeze huku na huku. Unaona inavyoteleza juu ya mfupa? Uzi wa sauti una tabaka la juu linaloteleza hivyohivyo juu ya msuli ulio chini yake. Mtaalamu wa Kijapani, Minoru Hirano, ndiye aliyeeleza matabaka hayo vizuri katika miaka ya 1970, na maarifa yake yamebadilisha upasuaji wa koo duniani kote. Kuteleza huko ndiko kunakozaa sauti safi. Chochote kinachokaza ngozi hiyo au kuitia uvimbe kitaiharibu sauti, hata kama ni kidogo kuliko punje ya wimbi.

Mtu anapopiga ukelele mmoja mkali, labda amemwona mtoto anakimbilia barabarani, labda timu yake imefunga bao dakika ya mwisho, mshipa mwembamba wa damu chini ya ngozi ile unaweza kupasuka. Damu inavilia, pale pananyanyuka, na kama mwenye sauti haipumzishi bali anaendelea kuisukuma, uvimbe ule hugeuka kinyama. Madaktari hukiita polipu. Mara nyingi huwa upande mmoja tu. Wapo wanaokipata bila ukelele wa siku moja, kwa kuchosha sauti mwaka baada ya mwaka, na sigara na asidi ya tumbo inayopanda usiku huongeza hatari. Nyuzi zikitaka kukutana kinyama kinazizuia. Hewa inavuja pembeni, sauti inatoka na upepo, inakwaruza, inakatika katikati ya neno. Mwimbaji hugundua mapema kwa sababu noti za juu humtoroka. Mwalimu huchelewa. Hugundua tu kwamba kufikia Jumatano amechoka koo kana kwamba amebeba mzigo nalo.

Kinyama si saratani. Nalisema hili waziwazi kwa sababu hofu ya saratani huwafanya wengine wasiende hospitali kabisa. Pia kuna vinundu, ambavyo huota pande zote mbili kama sugu, hasa kwa walimu, waimbaji na watoto wanaopenda kupiga mayowe. Navyo si saratani. Lakini kwa kusikiliza sauti peke yake, hakuna binadamu, awe daktari au nani, anayeweza kukuambia kwa uhakika kama ni kinyama, ni kinundu, au ni jambo baya zaidi. Lazima nyuzi zionekane kwa macho. Hilo ndilo lililonileta hewani leo, na ukisahau mengine yote usilisahau hilo.

Kwa maana huku kwetu tunatibu kwanza ndipo tuone, au hatuoni kabisa. Mtu sauti ikikauka anaingia duka la dawa, anauziwa antibiotiki. Ikiisha anaenda duka la pili, anapewa aina nyingine. Nimekutana na mama mmoja aliyemeza dozi za antibiotiki kwa mfululizo, koo lisilo na kidudu chochote, na kinyama chake kikabaki palepale. Antibiotiki huua bakteria. Haziyeyushi uvimbe uliotokana na kelele. Wengine hutafuna tangawizi mbichi, hunywa asali na limau, humumunya peremende za kikohozi. Sina ugomvi na tangawizi, chai yake ni nzuri. Ila ujue kwamba chakula na kinywaji chochote hupita njia yake nyuma ya kikoromeo, hakigusi nyuzi za sauti. Kikizigusa, unapaliwa na kukohoa mpaka machozi yatoke. Hata maji hayaziloweshi moja kwa moja. Huzifikia kupitia mwilini, polepole, ndiyo maana inafaa kunywa kidogo kidogo siku nzima kuliko kugugumia chupa nzima wakati sauti imeshakatika.

Na kuna kukata kimeo. Hili linaniuma. Kuanzia pwani hadi ziwani, Kenya na Tanzania, bado wapo wanaopelekwa kwa fundi wa kienyeji kukatwa kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ati ndicho kinacholeta kikohozi na kukausha sauti. Watoto wachanga hukatwa. Kimeo kiko juu, kinywani. Nyuzi za sauti ziko chini kabisa, ndani ya kikoromeo. Kukikata hakugusi ugonjwa wa sauti hata kidogo, lakini kunaweza kumwaga damu nyingi, kuleta usaha, na kisu kikiwa kimetumika kwa mwingine, kuambukiza virusi. Mzazi unayenisikiliza, usikubali, hata kama ni nyanya yake mtoto anayesisitiza.

Kuziona nyuzi kulianza na mwalimu wa muziki. Manuel García, Mhispania aliyefundisha uimbaji London, mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya kinywa chake, akarudisha mwanga wa jua ndani kwa kioo cha pili, akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga. Mwalimu wa sauti, tena akitumia jua tu! Kioo cha namna hiyo bado kinatumika katika kliniki zetu. Daktari anakipasha moto kidogo kisizibwe na mvuke wa pumzi, anakushika ulimi kwa kitambaa cha shashi, anakwambia, "Mama, pumua kwa mdomo, sasa sema iii." Dakika moja imekwisha. Penye vifaa zaidi, mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa puani baada ya kupuliziwa dawa ya ganzi. Unawasha kidogo, machozi yanakutoka jicho moja, hauumi sana. Kisha unaonyeshwa nyuzi zako kwenye skrini, nyeupe, na pale ukingoni kile kinyama chekundu. Mtu akishakiona kwa macho yake, daktari hahitaji tena kumbembeleza apumzishe sauti.

Anza kituo cha afya kilicho karibu. Mwambie tabibu maneno haya: sauti imekauka zaidi ya wiki nne, naomba nitazamwe nyuzi za sauti. Mwongozo wa madaktari wa koo wa Marekani uliotolewa mwaka 2018 unaweka mpaka hapohapo, wiki nne, na unasema asiandikiwe mtu antibiotiki wala steroidi kwa mazoea kabla koo halijatazamwa. Kutoka hapo utaandikiwa rufaa kwenda hospitali kubwa ya kaunti, Migori au Homa Bay, kwa mhudumu wa masikio, pua na koo. Nchini wapo pia matabibu waliosomea idara hiyo katika chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, si lazima wa kwanza kukuona awe daktari bingwa. Ikihitajika upasuaji, wengi wa kwetu hupelekwa Kisumu, hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo kutoka Migori ni safari ya kupita Rongo, Kisii na Ahero. Kwa hiyo jiandikishe SHA mapema, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na uulize kabla hujapanda gari ni kipi kinalipiwa na kipi utatoa mfukoni.

Usingoje wiki nne ikiwa unavuta sigara au umekunywa pombe kali miaka mingi, ikiwa unakohoa damu, umeota uvimbe shingoni, kumeza kunauma, au pumzi inapiga filimbi. Nenda wiki hiihii. Mtoto mdogo ambaye sauti yake imekauka na anakoroma hata akiwa macho naye asingoje. Kuna vidutu vinavyoota kwenye nyuzi kwa sababu ya virusi vya papiloma, aina ya 6 na ya 11, na vinaweza kuziba njia ya hewa. Kwetu pia lazima nitaje kifua kikuu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watano Homa Bay, na 13 kati ya 100 Migori, walikuwa wakiishi na VVU, na penye VVU kifua kikuu hufuata nyuma. Kifua kikuu hushika hata kikoromeo. Wachimbaji nao, kwa vumbi la mawe wanalovuta, mapafu yao hulegea mbele ya ugonjwa huo. Sauti iliyokauka ikifuatana na kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku na kukonda, omba kupimwa makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Tuseme umetazamwa, na ni kinyama. Kidogo na kichanga huweza kunywea bila kisu, mwenyewe akibadili namna anavyotumia sauti. Vinundu ndivyo hukubali zaidi matibabu haya. Mtaalamu wa tiba ya usemi hukufundisha kwa wiki sita hadi nane hivi: kupumua kutoka tumboni, kuacha kusafisha koo kwa "ehem, ehem" ambayo ni kuzigonganisha nyuzi makusudi, kumfuata mtu alipo badala ya kumwita kutoka jikoni. Wataalamu hao ni wachache nchini, na wengi wako mijini, kwa hiyo nikupe zoezi moja wanalolitumia, usilikose kwa sababu ya nauli. Chukua mrija wa soda. Utumbukize ncha ndani ya glasi ya maji, kina cha vidole viwili. Funga midomo kuuzunguka, toa sauti ya "uuu" taratibu kupitia mrija, maji yatokote mapovu. Dakika mbili, mara kadhaa kwa siku, bila kulazimisha. Maji yanairudisha hewa nyuma kidogo, nyuzi zinatetemeka bila kugongana kwa nguvu. Wafini walifanya hivyo na mirija ya kioo tangu miaka ya 1960.

Kiungulia nacho kitibiwe, na chakula cha usiku kiliwe saa mbili tatu kabla ya kulala. Sigara iachwe. Na tafadhali usinong'one ukidhani unaipumzisha sauti; mnong'ono wa nguvu hukaza koo. Sema polepole kwa sauti ya kawaida, au nyamaza.

Kinyama kilichokomaa kwa kawaida huhitaji kutolewa. Unapewa nusukaputi, huhisi kitu. Hakuna jeraha shingoni. Daktari hupita mdomoni na bomba la chuma, akitazama kwa darubini, na kwa mkasi mdogo sana au leza hukiondoa kinyama huku akiilinda ile ngozi inayoteleza. Wengi huenda nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Kilichotolewa hupelekwa maabara kuchunguzwa, hata kama kilionekana hakina madhara, nawe una haki ya kuuliza majibu. Hatari ipo, tusifichane. Ngozi ikipata kovu sauti inaweza kubaki imekwaruza. Mwimbaji Julie Andrews wa Uingereza alipasuliwa koo New York mwaka 1997, na sauti yake ya kuimba haikurudi tena. Adele, Mwingereza mwenzake, alipasuliwa kinyama Boston Novemba 2011, akanyamaza kama alivyoagizwa, na Februari 2012 aliimba jukwaani kwenye tuzo za Grammy, akaondoka na sita. Muulize daktari wako amefanya kazi hii mara ngapi. Si utovu wa adabu.

Kunyamaza baada ya upasuaji ndiko kunakowashinda wengi wetu. Huwa siku tatu hadi wiki moja, kadiri daktari atakavyosema, bila neno hata moja, bila kunong'ona, bila kuimba. Mtu wa Masara atanyamazaje wiki nzima, na wageni wanakuja kumpa pole? Panga kabla. Nunua daftari na kalamu. Simu ishikwe na mtoto mkubwa. Waambie wazee wa boma mapema, ili ukikosekana kwenye matanga, au ukihudhuria bila kulia, isihesabiwe dharau. Waumini wako wajue kwamba Jumapili hiyo utawainulia mkono tu. Baada ya hapo maneno huanza kwa dakika tano, kumi, kila siku kidogo zaidi, na kuimba au kuhubiri kwa nguvu kungoje mwezi mmoja au zaidi, mpaka nyuzi zitazamwe tena.

Kisha mgonjwa anarudi kazini, na kama kazi haijabadilika kinyama hurudi. Hapa nazungumza na wewe mwalimu mkuu, na bodi ya shule, na wazee wa kanisa. Poland imeutambua kwa miaka mingi ugonjwa wa sauti wa walimu kuwa ugonjwa wa kazi, unaolipiwa fidia. Sisi hatuna haja ya kungojea sheria ili tuanze. Mwalimu aliyetoka hospitali asipewe darasa linalopakana na barabara. Vipindi vyake visifuatane vitatu bila mapumziko. Apatiwe kipaza sauti kidogo cha kuvaa kiunoni, kile wanachotumia wauza mitumba sokoni, na kikiharibika kitengenezwe kwa fedha za shule, si kwa mshahara wake. Dari likiwezekana liwekwe. Na mvua ikianza kupiga mabati, watoto wafungue vitabu wasome kimya, na mwalimu aketi.